Miraba Mitatu Kuelekea Kisimani

Ewe mjukuu, ukizungushwa mara tatu katikati ya pori, kisha ukaambiwa uoneshe kaskazini, mkono utaupeleka wapi? Usijibu haraka. Plasidi alijibu haraka.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Mwalimu Tekla aliwatoa wanafunzi watatu wa darasa la tano, Plasidi, Doto na Najiat, wakaipime kwa miguu ramani aliyoichora kwenye karatasi ya manila: njia ya zamani ya misafara, magharibi ya Kwihara, yenye mistari iliyokatana ikawa miraba. "Namba ya mashariki kwanza, ya kaskazini baadaye," alizoea kuwaambia. "Unaingia mlangoni, ndipo unapanda darini."

Saa nane mchana mguu wa mwalimu ukatumbukia kwenye shimo la muhanga. Mfupa ukalia kama kijiti kikavu. Dira aliyoishika ikapasukia juu ya jiwe.

Wakamfunga mguu kwa vijiti na kamba ya gome la myombo. Maji yalibaki nusu chupa, na simu haikuwa na mtandao.

"Tupo tatu, mbili," mwalimu alisema, jasho likimtoka. "Kisima kipo tatu, tano. Kaskazini moja kwa moja, miraba mitatu, kila mraba hatua elfu moja. Doto abaki nami. Nyie wawili chukueni chupa na ramani."

"Na wewe, mwalimu?"

"Nitakunywa mtakaporudi." Akawanyooshea kidole njia. Midomo yake ilikwisha kuwa myeupe.

Wakaenda wakihesabu. Walipofika elfu moja na mia mbili, kichaka cha miiba kikawazuia. Wakakizunguka kwa kutambaa, wakaugusa mti wenye mzinga, na nyuki wakawatoa mbio huku na huko mpaka pumzi zikawaishia. Waliposimama, kila mti ulifanana na mwenziwe.

Plasidi alikunjua ramani, akaisimamisha mbele ya macho. "Kaskazini ni mbele. Kama ubaoni."

"Mbele ya nani?" Najiat aliuliza.

"Wewe wa dawati la nyuma ndiye utakayenifundisha?"

Najiat akanyamaza. Kunyamaza alikuzoea. Tangu darasa la tatu alikuwa na neno moja la kumwambia mwalimu, na kila akifungua kinywa kengele inalia, au wenzake wanacheka. Lakini sasa alikumbuka ile midomo ya mwalimu. Akaichukua ramani, akaitandika chini kama msala.

"Bibi yangu akiswali Alasiri uani, jua humchoma shavu la kushoto. Mimi ndiye ninayemtandikia."

"Hii ni jiografia, Najiat."

"Jua ni lile lile."

Na kweli, kibla huku kwetu Tabora ni kaskazini, imeelemea mashariki kidogo tu. Najiat aligeuka taratibu mpaka joto likatua shavu la kushoto, kisha akaizungusha ramani ifuate uso wake.

Plasidi aliangalia, akakuna kichwa. "Darasani jua la jioni hutupiga kulia."

"Ndiyo."

"Basi ubao wetu uko kusini," alisema polepole. "Ningetupoteza."

Alimwachia Najiat atangulie.

Hesabu ya hatua ilikuwa imepotea. Ndimi ziliwakauka. Walikwenda shavu la kushoto likiungua, mpaka wakasikia dumu likigonga jiwe. Kisimani alikuwepo Xavery, mrina asali, akijaza maji madumu ya baiskeli yake.

"Shikamoo. Mwalimu wetu kavunjika mguu."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Tatu, mbili," akajibu Plasidi.

"Hicho ni kijiji gani tena?"

"Kusini, hatua elfu tatu," Najiat alisema. "Jua liwe kulia kwetu."

Wakarudi hivyo, Xavery akipiga mluzi, mpaka Doto akaitikia kwa sauti iliyokauka. Mwalimu alikunywa kidogo kidogo, kifuniko kwa kifuniko. Wakampandisha kwenye baiskeli, Plasidi akaushika ule mguu kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

Njiani Plasidi alisimulia yote, hata ule ubao wa kusini. Mwalimu akamgeukia Najiat.

"Mwanangu, mwaka mzima hujanyoosha mkono hata mara moja. Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

Hapakuwa na kengele, wala aliyecheka.

"Ubaoni sioni, mwalimu," Najiat alisema. "Naona weupe tu. Nilikuwa nataka kukaa dawati la mbele."