Mlango wa Meneja wa Mikopo

Jumanne, tarehe 14 Machi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, ikaacha madimbwi barabarani na ukungu mzito ambao jua lilishindwa kuupenya. Saa mbili kasorobo asubuhi, Inspekta alisimama mlangoni mwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa magari mapya, akavua kofia, akamtazama marehemu.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, tai ya bluu. Alilala chali kati ya kiti na kabati la chuma, na chini ya kisogo chake damu ilikuwa imeganda. Wenzake walimwita Tabasamu, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumkuta amenuna. Aliuza magari mengi kuliko wauzaji wote wa pale.

Inspekta alifumba macho, midomo ikacheza kidogo. Hakuwahi kugusa maiti kabla ya kuiombea. Koplo, aliyemzoea, alingoja na kamera yake mkononi.

"Amina," Koplo akasema alipomwona amefumbua macho. "Tuanze, afande?"

"Tuanze."

Chumba hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza isiyo na faili hata moja, kiti kimoja, chupa ya maji na kabati. Inspekta alilifungua kabati kwa ncha ya kalamu. Tupu. Nje ya mlango kulikuwa na kibao cheusi chenye herufi za dhahabu: MENEJA WA MIKOPO. USIINGIE.

"Huyu ni muuzaji," Inspekta alisema. "Meneja mwenyewe yuko wapi?"

"Nimewauliza wote, afande. Kila mmoja anamtazama mwenzake."

Daktari wa uchunguzi alikuwa amepiga magoti kando ya mwili. "Ameangukia pembe ya kabati," alisema. "Kifuani ana michubuko miwili, ya viganja. Amesukumwa. Sioni silaha yoyote."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni. Ila hakufa papo hapo. Alikaa hapa akipumua saa nzima, labda zaidi. Angewahishwa hospitali, huenda leo ningekuwa kitandani kwangu."

Inspekta alikitazama tena kile chumba. Hatua kumi kutoka pale kulikuwa na wauzaji wanne, keshia mmoja na simu tatu za mezani. Mtu anakataje roho saa nzima katikati ya watu?

Koplo aliokota simu ya marehemu chini ya kiti. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini iliwaka alipoigusa. Kwenye kioo kulikuwa na mchezo wa karata, umeachwa katikati. Karata ya mwisho ilichezwa saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili jioni.

"Alikuwa kazini au mapumzikoni?" Koplo aliuliza.

"Hilo ndilo la kujua," alisema Inspekta.

Mwili ulipoinuliwa, chini yake kulionekana karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, ikagawanyika vyumba vinne, na kila chumba kilikuwa na maandishi ya haraka ya kalamu ya bluu: bei, punguzo la kiwanda, malipo ya awali, rejesho la mwezi. Pembeni, mtu mwingine alikuwa amerudia kila hesabu kwa kalamu nyekundu, mstari chini ya mstari, akaonyesha njia, kisha akaweka alama ya vema. Vema nne, zote zimeinamia upande mmoja.

Inspekta aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Aliwahi kuwa mwanafunzi. Alizijua vema za namna ile.

Keshia aliletwa kwanza. Alikuwa mama wa makamo, macho yamevimba kwa kulia.

"Jana jioni ulimwona Tabasamu akiingia humu?"

"Nilimwona."

"Ulimwona akitoka?"

"Hapana."

"Hukushangaa?"

"Mlango ulikuwa umefungwa, afande."

"Kwa hiyo?"

"Mlango huu ukifungwa haugongwi. Ndiyo sheria ya hapa. Mteja akiwa amekaa pale nje anangoja, ukigonga unamharibia mwenzio biashara. Jioni tukafunga tukidhani ameshaondoka, mpaka mfagiaji alipoufungua leo alfajiri."

"Mteja anangoja nini?"

Keshia aliinamisha kichwa. "Anangoja meneja akubali."

"Na meneja ni nani, mama?"

Alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akageuza uso ukutani.

Mwenye kampuni alijibu, lakini si kwa hiari. Alikuwa mtu mnene mwenye pete mbili, na alitaka kujua ukumbi utafunguliwa saa ngapi.

"Meneja wa mikopo hayupo," alisema mwishowe.

"Amesafiri?"

"Hayupo kabisa. Hajawahi kuwepo. Ni namna ya kazi tu, afande. Mteja anaomba apunguziwe. Muuzaji anamwambia, 'Mimi ningekupa, ila ngoja nikapigane na meneja kwa ajili yako.' Anaingia humu, anakaa dakika kumi, anatoka anajifuta jasho. Mteja anaona amepiganiwa. Hata ukimpunguzia kidogo, anashukuru."

"Na ukimnyima?"

"Anamlaani meneja. Muuzaji anabaki rafiki yake." Alicheka kidogo, kisha akaona uso wa Inspekta, akaacha.

"Na humo ndani muuzaji anafanya nini?"

"Anakunywa maji. Anacheza na simu. Sijui."

Inspekta alimwekea ile karatasi mbele. "Nisomee hii."

"Gari, milioni ishirini na nne. Punguzo la kiwanda, tatu. Malipo ya awali, tisa. Zinabaki kumi na mbili. Mkopo usio na riba, miezi arobaini na minane, laki mbili na nusu kwa mwezi." Alinyanyua mabega. "Hesabu ni sahihi."

"Ni sahihi sana. Mtu ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa nini basi gari halikutoka?"

Mwenye kampuni alijikuna shingo. "Hivi viwili haviendi pamoja. Kiwanda kinasema ukichukua punguzo, mkopo wako una riba. Ukitaka mkopo usio na riba, punguzo huna. Imeandikwa chini ya tangazo."

"Herufi ukubwa gani?"

"Ndogo."

"Na Tabasamu aliahidi vyote viwili."

"Wauzaji huahidi, afande. Mteja akishalipa malipo ya awali, ndipo anaambiwa meneja amekataa."

"Naye anarudishiwa milioni zake tisa?"

"Hapana. Amesaini. Hazirudi."

Koplo, aliyekuwa akiandika, alisimamisha kalamu. Nje, tairi zilipita kwenye madimbwi.

"Leta mafaili ya waliolipa na hawajapewa gari," alisema Inspekta.

Yalikuwa kumi na moja. Katika faili la saba, kila ukurasa ulikuwa umepigwa vema nyekundu, hata ule unaosema fedha hazirudi. Kazi ya mteja: mwalimu wa hesabu, mstaafu. Kiasi cha pensheni kiliandikwa hapo hapo: laki tatu na elfu kumi kwa mwezi.

Inspekta alipiga hesabu pembeni ya daftari lake, taratibu, maana hakuwa mwepesi wa namba. Bila lile punguzo, deni lingekuwa milioni kumi na tano. Rejesho, laki tatu na elfu kumi na mbili na mia tano. Lilizidi pensheni yote. Akalirudia. Likabaki vile vile.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya vyumba viwili, ukuta umepakwa chokaa, kiti cha mbao uani. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianika nguo, aliwaonyesha mlango kwa kidole chenye povu.

Mwalimu aliufungua mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, akasogea kando wapite.

"Karibuni. Semeni polepole, mke wangu amelala."

"Sijalala," sauti ilitoka ndani. "Nani, mwalimu?"

"Wageni wa serikali."

Mama alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji karibu na kiwiko, na uso wake ulikuwa umefura kidogo chini ya macho. Inspekta alimwamkia, akaitikiwa kwa upole.

"Mwalimu," alisema Inspekta, "jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Mke wangu husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Anaingia kwenye mashine saa nane mchana, anatoka saa kumi na mbili jioni."

"Nawe ulimpokea saa kumi na mbili?"

Mzee alimtazama mke wake.

"Alichelewa," mama akasema. "Alikuja saa moja. Muuguzi alishaanza kunitania kwamba nimeachika."

Inspekta alitoa ile karatasi, sasa ndani ya mfuko wa nailoni. "Hizi vema ni zako, mwalimu?"

Mzee aliisogelea. Alivaa miwani, akaikagua kuanzia juu hadi chini.

"Ni zangu. Nimeipitia mara tatu. Haina kosa." Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda. "Hilo ndilo linaloniua, afande. Haina kosa."

"Tuzungumzie nje?"

"Hapana. Huyu hajawahi kufichwa jambo. Na asikie."

Koplo alifungua daftari. Inspekta alimweleza mzee haki yake ya kunyamaza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema.

"Mwezi wa kwanza alianguka kwenye pikipiki. Akitoka kwenye mashine hana nguvu hata ya kujishikilia. Teksi siimudu mara mbili kwa wiki. Nikauza kiwanja. Nilitaka gari jipya, maana bovu likituacha njiani siku ya mashine, ndiyo basi. Yule kijana aliniita baba. Akaniambia, 'Baba, nitakupigania.' Nikalipa."

"Kisha?"

"Kisha meneja akakataa. Nilirudi mara nne. Mara nne aliingia mle ndani kunipigania, nami nimekaa kwenye kiti nje, namwomba Mungu aulainishe moyo wa meneja. Nilikuwa nikimtaja kwenye sala zangu za asubuhi, afande. Miezi miwili namwombea mtu yule."

Mama alitazama shuka.

"Jana nikasema, acha nimwone uso kwa uso. Nimefundisha miaka thelathini na minne, nitajua namna ya kusema naye. Nikaufungua mlango."

"Ukaona nini?"

"Kiti kimoja. Na kijana wangu, miguu juu ya meza, anacheza karata."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Si kwa ubaya, nadhani alishtuka. Akasema, 'Baba, ndivyo kazi ilivyo.' Akasimama kunitoa. Nikamsukuma kwa mikono miwili. Sikukusudia lile kabati."

"Ulipotoka, alikuwa hai?"

Mzee alivua miwani.

"Alikuwa anapumua."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama. Nikatazama saa. Ilikuwa kumi na moja na nusu na huyu anatoka kwenye mashine kumi na mbili. Nikajiambia, watamkuta, watu wamejaa pale nje. Nikaufunga mlango. Niliufunga vizuri. Nilidhani nikiufunga, nitapata muda wa kufika mbali kidogo. Kisha nikazunguka tu barabarani. Sijui nilipita wapi."

"Hakuna aliyegonga, mwalimu. Huo mlango haugongwi."

"Sikujua."

"Alikaa saa nzima."

Mzee aliinama, akaweka mikono juu ya kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio wala ya neno. Mama alinyoosha mkono wenye bandeji, akaushika ukosi wa shati lake, akaushikilia.

Inspekta alikwisha sikia maungamo mengi, na mara nyingi moyo wake ulitulia yalipokwisha. Leo haukutulia. Alitafuta sala ya kufaa, hakuipata. Tabasamu alikuwa na mama yake pia. Saa hiyo hiyo huenda mama huyo alikuwa akipigiwa simu.

Koplo alitoa pingu. Inspekta akamzuia kwa jicho. Mzee alisimama mwenyewe, akatandika pale alipokuwa amekaa, akachukua koti.

"Afande," alisema akiwa mlangoni, "leo ni Jumanne."

"Ndiyo."

"Keshokutwa ni Alhamisi. Hatukujaliwa watoto."

Jirani alikuwa amefika kizingitini, mikono ingali na povu. Koplo alitazama viatu vyake. Inspekta alilifikiria gari moja la kituo, lenye zamu za watu kumi na wawili, na mafuta yanayoombwa kwa barua. Akaufikiria mshahara wake, na gharama ya teksi kwenda na kurudi.

"Nitampeleka," alisema chini chini.

"Sema kwa sauti," mama alisema kutoka kitandani. Hakuwa na hasira. "Jirani asikie, na huyo kijana anayeandika asikie. Tumeshaahidiwa sana kwa sauti ndogo."

Inspekta alivua kofia. Alimtazama jirani, akamtazama Koplo, akamtazama mwalimu, na mwisho mama.

"Alhamisi hii," alisema kwa sauti, "saa saba mchana, nitakuja mimi mwenyewe. Nitakupeleka hospitali, nitangoja mpaka utoke, na nitakurudisha hapa."

"Na Jumatatu?" mwalimu aliuliza.

Inspekta alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, jepesi, na wote wanne walikuwa wakilingoja. Akalimeza.

"Nimeahidi Alhamisi, mwalimu," alisema. "Alhamisi nitakuja."