Nukta Zisizo na Mwenzi

Mshonaji alimaliza kazi kabla chai ya Dafrosa Kitundu haijapoa. Hakuwa na mikono wala sauti. Alikuwa programu iliyokaa ndani ya kiwambo cheusi. Ukimwandikia amri, anatii. Kila siku adhuhuri alichukua jedwali la darubini ya Singida na jedwali la darubini ya Mwezini, lililokusanywa saa nane baadaye. Kila mstari wa jedwali ulikuwa nukta moja ya mwanga angani, rangi yake na mahali ilipoonekana. Mshonaji aliutafutia kila mstari wa Singida mwenzake wa Mwezini, aliye mahali palepale, akaishona yote miwili kuwa mmoja. Mistari milioni nne, kwa pumzi moja.

Kituo kizima kilimtuma kwa neno moja tu: shona. Mwajiriwa mpya alipewa kitambulisho, kikombe cha chai na neno hilo. Hakuna aliyeuliza ndani yake mna nini.

Leo Dafrosa aliuliza.

Chombo Kereng'ende, kilichokuwa kikirudi na wachimba madini sita kutoka ng'ambo ya Mirihi, kilikuwa kimya kwa siku tisa. Redio yake ilikuwa imekufa. Kilichobaki ni taa nyekundu ya dharura, na taa ile haiwaki yenyewe: ina mpini wa kuzungusha kama wa cherehani, na lazima mtu auzungushe kila siku. Darubini zisipoiona taa kwa siku tisa, utafutaji hufungwa. Leo saa kumi alasiri ungefungwa.

"Jedwali safi," kiwambo kiliandika. "Hakuna taa."

Safi mno, Dafrosa aliwaza. Akahesabu mistari. Singida ilileta 4,118,206. Lililoshonwa lilikuwa na 4,102,311. Nyota karibu elfu kumi na sita haziendi sokoni zikachelewa kurudi. Mtu alikuwa akizitoa.

Akafungua daftari la mashine kuona nani aliligusa neno shona siku za karibuni. Jina lilikuwa moja: Lyanga Mkumbo, jana, saa tatu asubuhi.

Lyanga ndiye mratibu wa utafutaji; sahihi yake ndiyo hufunga majalada. Kwa siku tisa alikuwa amepita nyuma ya kiti cha Dafrosa mara nyingi kuliko hata mfagizi. "Vipi, Bi Kitundu, kuna kitu?" angeuliza, na kabla hajajibiwa amekwisha ondoka.

"Vipi, Bi Kitundu, kuna kitu?"

Alikuwa amesimama palepale, koti begani.

"Kipo," Dafrosa alisema bila kugeuka. "Jana ulifuata nini kwenye mashine yangu?"

"Nilipita tu."

"Ulipita kwa vidole? Daftari limekuandika, kaka. Kuna watu sita kule juu. Nani amekutuma uwafiche?"

Lyanga akacheka, kicheko kikavu. "Mimi ndiye nifiche? Mimi si mtu wa nyota. Nilifungua nisome, nikaona maneno nisiyoyaelewa na jina la aliyeyaandika. Tangu jana nakuchunga wewe, dada."

"Jina gani?"

"Fungua mwenyewe. Usinifanye mtoto."

Akalifungua neno shona. Ndani yake kulikuwa na amri nzima:

unganisha singida na mwezini, umbali unywele mmoja, bakiza yenye mwenzi tu

Chini yake: D. Kitundu, miaka kumi na mmoja iliyopita.

Alikumbuka keki. Mwaka ule setilaiti zilikuwa zimejaa angani, na mng'ao wake ulikuwa ukichafua majedwali. Kila mtu alikuwa akilalamika. Yeye, mgeni wa miezi miwili, aliongeza maneno manne, na uchafu wote ukatoweka. Wakampigia makofi. Wakamkatia keki.

"Bakiza yenye mwenzi tu," alisoma kwa sauti. "Nyota inakaa pale pale, kwa hiyo saa nane baadaye ina mwenzi. Kinachotembea hakina. Setilaiti inatembea, nikaitupa."

"Na chombo?"

"Chombo pia kinatembea."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo.

Dafrosa akaandika amri mpya, herufi kwa herufi, bila neno la mkato: bakiza isiyo na mwenzi. Akapanga masalia ya siku zote tisa kwenye ramani moja. Mng'ao wa setilaiti ulitapakaa kama mtama uliomwagika. Katikati yake nukta nyekundu zilijipanga zikaenda moja kwa moja. Tisa. Ya mwisho ilikuwa ya leo.

"Wako hai," alisema, akawatumia waokoaji mahali pale na njia ile. Jibu lilikuja upesi: chombo cha uokoaji kimegeuka, kitawafikia baada ya siku nne.

Akafuta machozi kwa kiganja. Lyanga hakuondoka.

"Majedwali ya zamani yapo?"

"Yapo yote. Kwa nini?"

"Chombo Siafu, kilichopotea miaka minne iliyopita." Alivuta pumzi. "Eliwaza wangu alikuwemo. Jedwali lako lilisema hakuna taa. Siku ya tisa nikafunga jalada la mwanangu kwa mkono wangu."

Dafrosa alitamani kumwambia aende nyumbani. Akaandika amri.

Nukta zilijitokeza moja moja. Saba, nane, tisa. Hazikukoma. Kumi na nne, ishirini na mbili, thelathini, zikififia kidogo kila siku, lakini kila siku moja. Ya arobaini na moja haikufuatwa na nyingine.

Mkono wa Lyanga ulikuwa umeshika mgongo wa kiti.

"Mama yake alikuwa na cherehani ya mkono," alisema. "Eliwaza akiambiwa azungushe, dakika tano tu analia mkono unamuuma."