Laurette Hayuko Idjwi

Huku Cimpunda, mtaa wa Bukavu, nyumba zimebanana. Ukikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, jirani anajua kabla hujaweka chumvi. Ukigombana na mume wako, mtaa mzima unaamua nani ana haki. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wetu wanajua kulificha vizuri sana. Jambo hilo ni safari ya kwenda nje ya nchi.

Mtu akipata njia ya kwenda mbali, hasemi. Anaogopa wivu. Anaogopa walozi. Anaamini kwamba safari ikitajwa, njia itafungwa. Siku moja majirani wanamkosa tu. Wakiuliza, wanaambiwa uongo mdogo. Mimi nimesikia uongo mdogo wa namna hiyo mara nyingi. Sijaona hata mmoja uliobaki mdogo.

Laurette alikuwa msusi wa nywele. Kila asubuhi alitoa viti kwenye baraza ya wazazi wake, akatundika kioo kwenye msumari. Wasichana walikuja, wakakaa, wakaongea. Mikono yake ilikuwa myepesi. Baba yake, Papa Marcellin, alikuwa fundi wa mbao. Alikuwa na ugonjwa wa tansio, yaani presha, lakini alipenda kuimba akipiga randa. Mama yake, Maman Agathe, aliuza maharagwe katika soko la Kadutu. Walikuwa pia na shamba la mihogo huko Mumosho. Hawakuwa matajiri. Walikula bugali na sombe, majani ya mihogo, na walikula pamoja.

Siku moja Laurette alipigiwa simu na mtu anayeitwa Jacques. Jacques alikuwa mtoto wa Bukavu, lakini aliishi Bangkok, mji mkuu wa Thailand.

"Dada, huku wamama Waafrika biko bengi," Jacques alisema. "Banatafuta mususi, banakosa. Kuja. Chumba iko. Saluni iko. Mimi nitapanga papiers, karatasi zote."

"Na viza?" Laurette aliuliza.

"Utaingia na viza ya tourisme, ya watalii. Nyingine tutatengeneza huku. Lakini funga kinywa. Usiambie mutu. Batu ya Bukavu banajua kuharibu."

Wazazi walikubali. Waliuza shamba la Mumosho ili kupata pesa ya ndege. Hawakumuuliza mtu yeyote.

Jambo linaloniuma ni hili. Katika nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Maman Martine. Mama huyu alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Nguo zake alizinunua Bangkok, na alikuwa amekwenda huko mara nyingi kwa miaka mingi. Mtaa wote ulijua. Wiki ileile ya safari, Maman Martine alikuja kusukwa. Alikaa kwenye kiti, akaeleza joto la Bangkok, mvua yake, na namna polisi wa uhamiaji wanavyokagua pasipoti. Laurette alisikiliza. Kichwa cha mtu ambaye angemwokoa kilikuwa mikononi mwake, na hakuuliza hata neno moja.

Laurette alivuka mpaka wa Ruzizi kuingia Rwanda alfajiri, akaenda Kigali kupanda ndege. Majirani walipouliza, Maman Agathe alijibu, "Laurette ameenda kisiwani Idjwi. Anasaidia tante yake, dada ya papa yake, shambani."

Mwanzoni mambo ya Bangkok yalikwenda vizuri. Saluni ilikuwa chumba kimoja juu ghorofani, na wateja walikuwepo. Mwanamke mmoja Mthailandi alikuwa amelipwa ili aandikishe duka kwa jina lake, lakini hakukanyaga humo. Jacques alichukua pasipoti ya Laurette. Alisema anaipeleka kuongeza siku. Siku za viza zikaisha. Pasipoti haikurudi.

Kisha polisi walianza kupita katika mtaa ule. Wenye saluni walizima taa, wakafunga pazia. Laurette hakutoka tena nje. Alisuka, akalala palepale sakafuni, akasuka tena. Alipoomba pasipoti, Jacques alisema, "Permis, ruhusa ya kazi, iko inatengenezwa. Ambia wazazi batume pesa ingine."

Huko Cimpunda, Papa Marcellin aliposikia habari hiyo, aliacha kuimba. Alikaa mbele ya mbao bila kuzigusa.

"Tumuulize Maman Martine," alisema siku moja.

"Na tutamwambia nini?" Maman Agathe alijibu. "Nilisema mutoto iko Idjwi. Batanicheka mpaka sokoni."

"Bacheke."

"Ungoje kidogo, Marcellin. Mungu atafungua njia."

Walingoja. Tansio haikungoja. Papa Marcellin alianguka barazani mchana wa jua kali, na kabla ya kufika hospitali alikuwa amekwisha kufa.

Watu wa zamani walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Ni kama walimjua Maman Agathe.

Turubai liliwekwa. Viti vilikodiwa. Wanawake wa soko walikuja na unga na kuni. Wanakwaya wa parokia waliimba. Na kila aliyeingia aliuliza swali lilelile.

"Laurette amefika?"

"Iko njiani," Maman Agathe alijibu.

Watu walitazamana. Idjwi ni kisiwa, lakini si mwisho wa dunia. Mtu akipanda boti asubuhi, anafika Bukavu siku hiyohiyo. Mtoto gani anashindwa kupanda boti kumzika baba yake? Wengine walianza kumsema Laurette vibaya. Walisema hana moyo. Maman Agathe aliwasikia, na kila neno lilimchoma.

Kisha boti ya Idjwi ilifika kweli. Wakashuka ndugu wa marehemu, na mbele yao alikuwa dada yake, Tante Adélaïde. Aliingia chini ya turubai akilia. Alimkumbatia mjane. Halafu akaangalia huku na huku.

"Na Laurette?" aliuliza kwa sauti. "Mutoto wa kaka yangu iko wapi? Simuone."

Vichwa vyote vikamgeukia mjane. Hata kwaya ilikosa wimbo wa kuanza.

"Agathe, niko nakuuliza. Laurette iko wapi?"

Maman Agathe alifunika uso kwa kitenge. "Haiko kwako, dada," alisema. "Hakufikaka hata siku moja kwako. Iko Bangkok. Viza imekufa, pasipoti mutu amekamata. Papa yake amekufa na mawazo ya mutoto. Mimi njo nilificha. Ni mimi!"

Alilia namna ambayo hakuwa amelia tangu mumewe alipoanguka. Hakuna aliyecheka. Ile aibu aliyokuwa ameiogopa miezi yote haikuja. Maman Martine alisimama kutoka kwenye viti vya nyuma, akaja, akakaa chini kwenye mkeka karibu naye.

"Juu ya nini hukuniambia?" aliuliza polepole. "Nilikuwa hapa. Nyumba ya tatu tu, Agathe."

"Niliogopa."

Maman Martine alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na hakujua atangulize ipi. Mwishoni akasema, "Basi. Tumuzike papa. Kisha tutamuita mutoto."

Papa Marcellin alizikwa bila mwanawe. Siku iliyofuata, Maman Agathe na Maman Martine walikaa kwenye baraza na simu, wakampigia Laurette, ambaye habari ya kifo ilikuwa imemfikia.

"Laurette," Maman Martine alisema, "ni mimi, jirani. Maman amenieleza yote. Pole na papa."

Walisikia tu Laurette akilia. Maman Martine alimwacha alie. Kisha aliuliza, "Unafanya kazi gani huko?"

"Ninasuka nywele."

"Sikia vizuri sasa. Kule Thailand, serikali iko na kazi zenye imeacha kwa raia yao peke yao. Kusuka na kukata nywele iko ndani. Kuongoza watalii pia iko ndani. Mugeni hawezi kupewa permis ya kazi ile, hata akilipa namna gani."

"Lakini Jacques anasema permis iko inatengenezwa."

"Anakudanganya. Karatasi ile haiko. Anauza kivuli."

Maman Agathe alishika kichwa. Siku ileile Jacques alikuwa amemwandikia auze hata nyumba ya Cimpunda.

"Na duka iko kwa jina ya mwanamuke wa kule," Laurette alisema. "Jacques anasema ni sheria."

"Sheria inaomba Muthailandi mwenye hisa kweli, mwenye ameweka pesa yake," Maman Martine alijibu. "Kukodisha jina ni kosa. Mwanamuke yule anaweza kufungwa, na Jacques pia. Mugeni anayetaka kufungua kampuni kule anaisajili, anaweka mutaji mukubwa, anaajiri batu ya kule. Kisha anaomba viza ya biashara na permis ya kazi, kwa kazi yenye wageni wanaruhusiwa. Na viza ya tourisme ni ya kutembea. Haiko ya kufanya kazi, hata siku moja."

"Wewe unafanya namna gani, Maman Martine?" Maman Agathe aliuliza.

"Mimi sina duka kule. Ninaomba viza yenye inasema kweli kile ninaenda kufanya. Ninanunua nguo, ninafunga mizigo, ninarudi mbele siku zangu ziishe. Kuuza, ninauzia hapa Kadutu. Na kila safari ninauliza ubalozi yao upya, juu sheria inabadilika."

Laurette aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa nitafanya nini? Jacques anasema nijifiche mpaka pesa ifike."

"Ukijificha, utakamatwa. Ukikamatwa na siku zimepita, watakufunga kwanza, kisha watakufukuza. Utafungiwa mulango ya inchi ile miaka tano, ao kumi. Lakini mutu akijipeleka mwenyewe ku uhamiaji ya uwanja ya ndege, na tiketi mukononi, analipa faini ya siku zenye amezidisha, anaenda. Kama zimepita miezi tatu, anafungiwa mwaka moja. Ni kidogo kuliko kufungwa."

"Pasipoti iko na Jacques."

"Pasipoti ni yako. Hakuna mutu mwenye haki ya kuikamata. Umuambie hivi: 'Nipe leo, ao niende polisi mwenyewe, na nitawaonyesha saluni.' Atakupa. Mutu wa namna ile anaogopa polisi kuliko wewe."

Ikabaki tiketi na faini. Michango ya kilio ilikuwepo. Lakini ndugu wa marehemu walitaka kuitumia kujengea kaburi kwa saruji. Walikunja uso walipoombwa iende kwa Laurette. Tante Adélaïde ndiye aliyewanyamazisha.

"Kaka yangu alikufa akimutafuta mutoto," alisema. "Saruji haitamutuliza. Mulete mutoto."

Jacques alipodaiwa pasipoti alikasirika, akatukana, akatisha. Laurette alirudia maneno yale bila kupunguza. Jioni pasipoti ilitupwa mlangoni. Pesa ya tiketi ilipofika, alikwenda uwanja wa ndege, moja kwa moja kwa afisa wa uhamiaji, akasema, "Nimezidisha siku." Afisa alihesabu, akamlipisha, akapiga muhuri wa kumfungia mwaka mmoja. Laurette akaruhusiwa kupanda ndege.

Alirudi na begi moja. Mama yake alimpokea kwenye daraja la Ruzizi, mpakani. Hawakwenda nyumbani kwanza. Walikwenda makaburini. Udongo ulikuwa umeanza kushuka kwa sababu ya mvua, na msalaba wa mbao ulikuwa umeinama. Laurette aliunyoosha, akaubana kwa mawe. Alipiga magoti muda mrefu. Hakuna sheria aliyoijua sasa ambayo ingemrudishia siku ya kumzika baba yake. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mama yake alilia pembeni.

Walipopanda njia ya Cimpunda, Maman Priscille alikuwa mbele ya duka lake la mafuta ya mawese. Mama huyu alikuwa amesafiri kutafuta mawese tangu kabla ya kilio, akarudi juzi tu, kwa hiyo hakujua kitu.

"Eh, Laurette!" aliita. "Kumbe Idjwi ilikushika namna ile?"

Maman Agathe aliinamisha kichwa. Laurette aliweka begi chini.

"Sikukuwa Idjwi, maman," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilikuwa Bangkok. Nilisuka nywele bila ruhusa. Kumbe kazi ile, mugeni hawezi kupewa. Viza ikakufa, nikajificha. Papa akakufa, na sikumuzika. Hatukuuliza mutu mwenye anajua. Njo vile tumepata hasara hii."

Wapita njia walisimama. Mmoja alitikisa kichwa. Mwingine alisema, "Pole." Laurette aliinua begi lake.

Maman Priscille aliangalia chupa zake za mawese kana kwamba zina jibu. Laurette alikuwa ameshapiga hatua alipoitwa tena, kwa sauti ya chini sana.

"Laurette. Uningojee."

"Ndiyo, maman."

"Mutoto wangu Chantal..." Aliangalia nyuma kama kuna anayesikia. "Nilisema kwa batu iko Uvira. Haiko Uvira. Kuna mutu amemupatia kazi ya saluni. Kule kule Bangkok."

Maman Agathe alishika mkono wa mwenzake. Laurette aliuliza haraka, "Amekwisha kupanda ndege?"

"Bado. Iko Kigali. Anapanda kesho."

"Leta simu," Laurette alisema. "Tumuite sasa hivi."

Simu iliita, ikakatika, ikaita tena. Chantal alipopokea alikuwa na furaha, na hakutaka kusikia. Alilia, akasema kwamba wamemwonea wivu. Laurette hakugombana naye. Alimweleza kila kitu, mpaka sakafu aliyolalia, mpaka siku ya kilio.

Kesho yake jioni, badala ya kupanda ndege, Chantal alishuka kwenye daraja la Ruzizi na sanduku lake. Alikuwa amenuna. Hakumsalimia mtu, na kwa wiki nzima hakumsemesha Laurette. Maman Priscille alimpikia kila siku, na kila siku Chantal alisukuma sahani. Mama hakujali. Alikaa akimwangalia mwanawe mwenye hasira, ambaye yuko nyumbani.