Dawa ya Trizah Haigawanywi

Asubuhi hiyo Trizah alipara samaki mmoja tu, akaweka kisu chini. Kidole chake kilikuwa kimevimba tena. Mwiba wa samaki ulikuwa umemchoma zamani, lakini kidonda kilikataa kupona.

"Bado tu hicho kidole?" Fanuel, mumewe, aliuliza.

"Bado. Na leo kimeamka na hasira."

"Si ulipewa dawa dispensari?"

Trizah alisukuma beseni la samaki kando.

Dawa alipewa, ndiyo. Lakini katika boma la mama mkwe wake, Filister, dawa ilimegwa kama ugali. Filister hakuwa mchoyo. Alisema, "Mtu mmoja hawezi kumeza pakiti nzima na mwenzake anakohoa." Basi vidonge vya Trizah viligawanywa. Vingine vilienda kwa Jeremiah, kitinda mimba wa Filister. Vingine vilienda kwa jirani aliyeumwa na tumbo. Kimoja kilifunguliwa, unga wake ukamwagwa juu ya kidonda. Trizah alimeza vichache vilivyobaki. Maumivu yakapungua, akamshukuru Mungu. Kisha kidole kikavimba tena. Fanuel akanunua vidonge viwili dukani. Kikapungua, kikarudi. Ikawa hivyo hivyo tu.

Mtoto wao, Adhiambo, alilia anyonye. Trizah alijaribu kumwinua, mkono ukakataa. Fanuel aliona machozi ya mkewe.

"Basi. Twende Homa Bay," alisema.

Hospitalini, Daktari Orina alipasua kidole, akatoa usaha. Usaha kidogo aliupeleka maabara. Trizah alilazwa. Majibu yalipofika, daktari alikaa kando ya kitanda.

"Mama, dawa ulizokuwa ukimeza haziwaui tena bakteria hawa. Tusipowamaliza sasa, tutakikata hiki kidole."

"Usiseme hivyo, daktari. Mkono huu ndio unatulisha. Nauza samaki wa kukaanga pale sokoni Rodi." Trizah alikitazama kidole. "Kwani mwili wangu umezoea dawa?"

"Si mwili wako. Bakteria ndio wamekuwa sugu. Bakteria ni viumbe wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Antibiotiki ni dawa za kupigana nao. Nyingine huvunja ukuta wao, wakafa. Nyingine huwazuia wasizaane. Lakini bakteria hawalingani nguvu." Alimgeukia Fanuel. "Baba, unafuga?"

"Ng'ombe wachache tu."

"Kupe unawamaliza na nini?"

"Kuna dawa ya kunyunyizia. Lakini siku hizi, wapi! Kupe wanaoga nayo tu."

"Ulikuwa unaichanganya vipi?"

Fanuel alijikuna kichwa. "Nilikuwa naongeza maji, daktari. Ndio itoshe na ng'ombe wa jirani."

Trizah alicheka, ingawa kidole kilimuuma.

"Sasa kupe gani walikufa?" daktari aliuliza.

"Wale wadhaifu."

"Na wale wagumu?"

"Walibaki. Wakazaa wagumu wenzao." Fanuel aliutazama mkono wa mkewe. "Woi! Kumbe tulifanya hivyo kwa kidole. Vidonge vyake tuligawana."

"Ndivyo. Dawa nusu nusu iliwaua wadhaifu, ikawaachia wagumu nafasi. Na hao wagumu hawakai kwa mtu mmoja. Mikono michafu huwapeleka kwa mwingine, hata kwa mtoto."

"Na ule unga wa kidonge tuliomwaga kwenye kidonda?" Trizah aliuliza.

"Usiweke. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike. Kikivimba, njoo mapema."

"Na kikohozi cha shemeji yangu, Jeremiah?"

"Apimwe kwanza. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi." Daktari aliinuka. "Bado kuna dawa inayowaweza hawa wako. Lakini dawa za namna hiyo si nyingi. Tutakudunga sindano, halafu utameza vidonge nyumbani vile nitaandika. Ukipata nafuu, usiache. Na usigawe."

Trizah aliporudi nyumbani, Filister alikuja kumwona.

"Mos, nyar Ndhiwa. Pole sana, binti wa watu wa Ndhiwa. Mkono unaendeleaje?"

"Afadhali, Mama."

"Nasikia wamekupa dawa kali. Nipe mbili tu za Jeremiah. Kifua kinamsumbua."

Tangu aolewe, Trizah hakuwahi kumkatalia mama mkwe wake kitu. Lakini alikuwa amechoka. Amechoka na maumivu, amechoka na kitanda cha hospitali.

"Hapana, Mama."

"Unasema?"

"Nikikupa, nitakatwa kidole. Na Jeremiah hatapona kwa dawa ya kidole."

"Kumbe nilimwolea mwanangu mchoyo!"

"Ugali tutagawana, Mama. Hii hapana."

Filister alitoka bila kuaga. Trizah alilia kidogo. Kisha alichukua maji, akameza kidonge chake.

Kesho yake Fanuel alimpeleka Jeremiah dispensari. Alipimwa, ikaonekana ni mafua. Aliambiwa apumzike, anywe vitu vya moto, na arudi upesi akishindwa kupumua vizuri. Hakupewa antibiotiki hata moja. Akapona.

Filister aliliona hilo. Asubuhi moja alifika kwa Trizah na kisu chake, akavuta kigoda.

"Leta hao samaki. Nitapara mimi mpaka upone."

Hakuomba msamaha, na Trizah hakumdai. Alimeza dawa zake zote kama zilivyoandikwa. Uvimbe uliisha, kidonda kikafunga. Kidole kilibaki kigumu kidogo kukunja, lakini kilibaki mkononi. Trizah alirudi sokoni Rodi, na Filister hakuacha kuja kupara.

"Angalia miiba, Mama," Trizah alimwambia siku moja.

"Ikinichoma nitaosha kwa sabuni, niende dispensari. Kwako siji kuomba dawa." Filister alimrushia samaki mwingine kwenye beseni. "Wewe nakujua. Mchoyo!"

Wakacheka wote wawili.