Baridi ya Koti la Baba

Kila jioni Bwana Barafu alirudi nyumbani amechoka, lakini roho yake nyeupe. Hilo halikuwa jina lake. Majirani walimpa kwa sababu ya kazi yake. Alipanga maboksi ya samaki katika chumba cha baridi, chumba kikubwa chenye mlango mzito wa chuma. Jina hilo halikumuudhi. Hata mkewe alilitumia akitaka kumchokoza.

Kilichomuudhi kilikuwa kimoja tu: mkeka wa mlangoni.

"Simama hapo hapo!" mama mkwe wake alimwambia kila siku. "Vua koti. Yeyuka kwanza!"

Basi anasimama mkekani kama mgeni asiyejulikana. Koti linatundikwa nje. Analetewa jiko la mkaa, anainyoosha mikono juu ya moto. Na binti yake mdogo, Kipusa, anamlilia kutoka mapajani pa bibi yake. "Baba! Baba!"

"Subiri, mke mwenzangu," bibi alimbembeleza mjukuu wake. "Huyu bado ana baridi. Ndiyo inayokuletea mafua."

Kisha bibi akapiga chafya. Akachota uji wa mtoto, akauonja kama umepoa, akamlisha kwa kijiko kile kile.

Bwana Barafu aliendelea kuota moto. Nani atabishana na mama mkwe? Lakini iliuma, jamani! Mara nyingi Kipusa alisinzia kabla baba yake hajaruhusiwa kumpakata.

"Nitaacha kazi," alimwambia mkewe jioni moja.

"Kazi unayoipenda hivyo?"

"Naipenda. Lakini mwanangu nampenda zaidi. Nisije nikamuua kwa baridi."

Asubuhi iliyofuata Kipusa aliamka mwili unachemka. Makamasi yalimtiririka, na alikohoa. Bibi alifunga madirisha yote. Akamviringisha mtoto kwa blanketi na shali, ikabaki pua tu.

"Si nilisema? Baridi imemwingia kifuani!"

Bwana Barafu hakungoja. Alikimbia kumwita jirani yao, muuguzi wa kliniki, aliyekuwa anafunga viatu aende kazini.

"Ana nini mtoto?" muuguzi aliuliza alipofika.

"Ana baridi," wote watatu walijibu.

"Baridi ni ya hewa, ndugu zangu. Mimi niambieni dalili. Dalili ni kile mnachokiona mwilini mwake."

"Makamasi," alisema mama mtoto. "Chafya. Kikohozi. Na ana homa."

"Vizuri sana. Hapo tunaelewana. Homa ni mwili kupata joto kupita kawaida. Ni dalili, na sababu zake ni nyingi. Sasa mfungueni huyu mtoto, mnampika bure! Madirisha nayo yafunguliwe."

Blanketi na shali vilitolewa. Muuguzi aliinua shati la Kipusa, akakitazama kifua chake kwa utulivu. Bwana Barafu naye alikitazama.

"Hahemi haraka," muuguzi alisema. "Chini ya mbavu hapabonyei anapovuta pumzi. Anakunywa?"

"Uji amemaliza wote," bibi alijibu.

"Mshukuruni Mungu. Mkiona anahema mbiombio, au kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunywa, au analegea, au anapata degedege, msingoje hata kidogo. Mkimbizeni hospitali. Huenda ni nimonia, ugonjwa wa mapafu, na nimonia huua. Hata hivyo, leo twendeni kliniki, homa ipimwe."

"Ni baridi yangu?" Bwana Barafu aliuliza. "Ile ya kwenye koti?"

"Koti? Hapana, kaka. Mafua huletwa na virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hutoka kwa mgonjwa kwa chafya, kwa mikono, hata kwa kijiko. Nani alianza kupiga chafya nyumba hii?"

Mama mtoto aliangalia sakafu. Bwana Barafu aliangalia dari. Hayo si maneno ya mkwe kuyasema.

"Haya, semeni basi!" bibi alifoka. "Ni mimi! Wiki nzima pua yangu ni bomba. Loo! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo mimi!"

Wote wakacheka, na bibi akacheka kuliko wote.

Muuguzi aliitupia macho mikono ya Bwana Barafu, iliyopasukapasuka kwa baridi. "Wewe baridi yako ni hii. Vidole vikifa ganzi kazini, toka nje, vaa glavu kavu, vipashe joto polepole. Usiviweke juu ya moto. Vidole vyenye ganzi huungua bila wewe kujua."

Kliniki walimpima Kipusa. Yalikuwa mafua tu. Walipewa dawa ya kushusha homa, wakaambiwa wampe vinywaji kwa wingi. Haukupita muda mrefu, akaanza tena kuwakimbiza kuku.

Bwana Barafu hakuacha kazi. Siku hizi akifika nyumbani hunawa mikono kwa sabuni, kisha humbeba binti yake moja kwa moja, na koti lake likiwa mwilini. Kipusa hulipenda koti hilo. Huficha uso ndani yake na kucheka.

Jioni moja alifungua mlango, akamkuta mtu amesimama mkekani. Alikuwa mama mkwe, leso puani.

"Pita, mwanangu," bibi alisema. "Mke mwenzangu anakusubiri. Mimi niache hapa hapa, leo nayeyuka mimi."