Kosa la Katikati

Kila asubuhi Maren Tollefson alikunywa uji wake peke yake, akavaa koti, akaenda shule kwa miguu. Penye kivuko cha barabara, mzee Wendell hakuwepo tena kusimamisha magari ili watoto wavuke. Baba yake Maren, Curtis, alimgonga kwa gari akiendesha huku amelewa, na mzee akafa. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeandamana na Maren wala kukaa naye mezani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini alinyoshewa kidole utadhani yeye ndiye aliyeshika usukani.

Kesi ilipokaribia kwisha, wakili wa baba, Bi. Pruitt, alikuja nyumbani, ambako Curtis alikuwa kwa dhamana.

"Curtis, umeshtakiwa kuua kwa kutojali kabisa uhai wa mtu. Hilo ni kosa zito, na ushahidi wake unayumba. Chini yake lipo dogo: kusababisha kifo kwa kuendesha gari ukiwa umelewa. Hakimu akiwaambia wale raia kumi na wawili wa baraza linaloamua kesi kwamba wanaweza kuchagua hilo dogo, watalichagua, nawe utafungwa miaka kadhaa. Tukimwomba asiwaambie, watabaki na mawili tu: kosa zito, au wakuachie huru. Naona watakuachia."

"Na wasiponiachia?"

"Hiyo ndiyo kamari yenyewe. Nipe jibu kesho jioni."

"Baba, kubali asiwaambie!" Maren alisema. Mama yake alishafariki. Baba akifungwa, yeye angepelekwa mji wa mbali kwa shangazi Ardis, ambaye hata sura yake hakuikumbuka vizuri. Wazo hilo lilimtisha sana.

Kesho yake shuleni, wakati wa chakula cha mchana, Dalton, mjukuu wa mzee Wendell, alimsimamia kichwani.

"We, eti baba'ko ataachiwa?"

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unasema. Haya, akiachiwa, babu yangu alijigonga mwenyewe?"

Maren aliurudisha mkate wake mfukoni, akaondoka.

Jioni baba alikuwa akikata jibini. Maren alimuuliza vilevile alivyoulizwa: "Baba, wakikuachia, mzee Wendell aliuawa na nani?"

Baba aliweka kisu chini. Maren akaanza kulia.

"Sitaki uende, Baba. Naogopa kubaki peke yangu. Lakini sitaki tuseme hukufanya kitu."

Baba alimpigia wakili simu. "Mwambie hakimu awaeleze yote, na hilo dogo pia."

Baraza lilimkuta na hatia ya kosa dogo. Kabla askari hawajamchukua kwenda gerezani, aliruhusiwa kumkumbatia binti yake.

"Mwanangu, sikukusudia kumuua, lakini nilikunywa huku nikijua nitaendesha gari," alisema. "Kosa dogo bado ni kosa. Ukikosea, usijiongezee wala usijipunguzie. Sema lile ulilolifanya, ulibebe."

Akapelekwa. Maren alitoka ukumbini mwa mahakama akimtafuta shangazi, ambaye alikuwa bado njiani. Benchi la nje lilikuwa moja tu, na Dalton alikuwa amelikalia. Maren akasimama ukutani.

Dalton aliliondoa koti lake kwenye benchi.

"Kaa basi," alisema.

Maren akakaa.