Kadi ya Mwalimu Bilha

Kila asubuhi Atong alifagia ua wao, akajaza maji kwenye madumu mawili, kisha akanywa chai na mama yake. Mama alikuwa mpishi katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Hai Amarat, jijini Juba, na ikifika saa moja alikuwa ameshapanda boda boda kwenda kazini. Atong naye alibeba mkoba wake akatembea hadi shuleni, nyuma ya soko la Jebel.

Atong alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alizaliwa Eldoret akakulia huko hadi familia yake iliporudi Juba, naye akiwa na miaka tisa. Kwa hiyo Kiswahili kilimtoka bila kusita, ilhali wenzake wengi walizungumza Kiarabu cha Juba uwanjani na Kiingereza darasani. Walimpachika jina la Kamusi, naye alilipenda sana.

Muhula huo darasa lao lilikuwa likisoma riwaya kuhusu mzee mwenye shamba la miwa na wanawe wawili waliogombana. Nakala zilikuwa saba kwa wanafunzi arobaini na wawili, hivyo walisoma wakiwa wamebanana sita sita. Mwalimu wao wa Kiswahili, Mwalimu Bilha kutoka Kenya, aliwaachia kazi kabla ya kwenda likizo ya uzazi. Katika kila sura, kila mmoja aandike maneno kumi mapya, akisie maana yake kutokana na habari yenyewe, halafu ahakikishe katika kamusi kubwa iliyowekwa juu ya meza ya mbele.

"Kukisia ni mwanzo tu," aliwaambia. "Msiisahau kamusi."

Wiki ya kwanza walipanga foleni mbele ya kamusi. Wiki ya pili waligundua njia ya mkato, nayo ilikuwa Atong.

"Atong, kuduwaa ni nini?"

"Ni kushangaa mpaka ukakosa la kusema."

"Na kitongoji?"

"Kijiji kidogo."

Siku moja Malual alimsogelea na daftari lake. Malual alikuwa mvulana mpole aliyehamia Juba kutoka Bor mwaka uliopita. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, lakini hakuna aliyemshinda kwa mwandiko mzuri. Alimwonyesha sentensi ya mwisho ya sura ya nne: "Habari zilipoenea, majirani walifurika nyumbani kwa mzee wakiwa na unga, sukari na rambirambi zao." Sura iliishia hapo, bila kusema habari hizo zilikuwa zipi.

"Hii rambirambi ni nini?" Malual aliuliza.

Atong hakulijua neno hilo. Aliwahi kulisikia mahali, labda redioni, lakini hakukumbuka. Wasichana watatu walikuwa wamesimama kando yake, kalamu mkononi, wakimsubiri Kamusi aseme.

"Ni pongezi," alisema upesi. "Ukipata jambo la furaha, watu wanakuletea rambirambi."

Malual aliandika, akapigia neno hilo mstari.

Siku tatu baadaye habari zilifika kwamba Mwalimu Bilha amejifungua mtoto wa kike. Darasa zima lilishangilia. Waliamua kumpelekea kadi, na Malual akachaguliwa kuiandika. Alichora maua pembeni, kisha akaandika kwa wino wa buluu: "Mpendwa Mwalimu, pokea rambirambi zetu kwa ajili ya mtoto wako."

Kadi ilipomfikia Atong atie sahihi, aliliona neno lile, akalikumbuka jibu alilompa Malual. Hakuwa amelitafuta. Kamusi ilikuwa mezani, hatua tano tu kutoka alipoketi. Lakini angeinuka kuifungua, wenzake wangemwona. Akatia sahihi, akampa jirani yake.

Mwalimu Kizza, mwalimu wa hesabu aliyeliangalia darasa hilo kwa muda, aliifunga kadi ndani ya bahasha bila kuisoma na kuipeleka Munuki, nyumbani kwa Mwalimu Bilha.

Kesho yake aliingia darasani akiwa na kadi ile mkononi. Hakusalimu.

"Mtoto wa Mwalimu Bilha alizaliwa akipumua kwa shida," alianza. "Alilazwa hospitali siku tatu. Jana jioni ndiyo alirudi nyumbani, baada ya kadi yenu kufika. Nyanya yake alisoma hii kadi kwa sauti, akapiga kelele. Mnajua kwa nini?"

Aliiinua kadi juu ili wote waione.

"Rambirambi ni maneno ya kumfariji mtu aliyefiwa. Mlimwambia mama huyo kwamba mtoto wake amekufa! Hii kadi nani aliandika?"

Malual alisimama. "Ni mimi, Mwalimu."

"Unafanya mchezo na mtoto wa watu?"

"Hapana. Malesh, samahani, Mwalimu. Mimi nilidhani iko neno ya furaha."

"Nani alikwambia hivyo?"

Malual aliinamisha kichwa. Hakumtazama Atong hata mara moja.

"Hutaki kusema? Basi kesho uje na mjomba wako."

Wote walimfahamu mjomba wa Malual na ukali wake. Wale wasichana watatu walikuwa wakimtazama Atong sasa, wakitazama na madaftari yao. Alijua kwamba akinyamaza, huenda nao wangenyamaza. Lakini Malual alikuwa bado amesimama peke yake, mabega yamemshuka.

Atong aliinuka. "Mwalimu, ni mimi niliyemwambia."

"Ulijua maana yake?"

"Sikujua. Nilikisia."

"Ulimwambia kwamba unakisia?"

"Hapana," Atong alijibu. "Nilisema kama mtu anayejua. Sikutaka waone kwamba kuna neno nisilolijua."

Minong'ono ilienea darasani. Mwalimu Kizza alimwashiria Malual aketi.

"Mjomba asije," alisema. "Masomo yakiisha, tutaenda Munuki sisi watatu."

Mlangoni kwa Mwalimu Bilha walipokelewa na mama yake, aliyekuja kutoka Kakamega kumsaidia binti yake. Alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Nyanya, nimekuja kuomba msamaha," Atong alisema. "Kosa la kadi ni langu." Akaeleza yote, tangu swali la Malual hadi sahihi yake, bila kujitetea.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Nilidhani shule imesikia jambo kutoka hospitali ambalo sisi tumefichwa," alisema. "Ulinitisha, mjukuu wangu. Lakini umekuja mwenyewe ukasema. Ingieni."

Mwalimu Bilha alikuwa ameketi karibu na mlango, mtoto kifuani, na yote alikuwa ameyasikia. Macho yake yalionyesha uchovu, lakini alitabasamu alipowaona.

"Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na miwili," alisema, "na kila mwaka nakutana na neno nisilolijua. Kutojua si aibu, Atong. Lakini ukimpa mwenzako maana ya kubuni kana kwamba ni ya kweli, umemdanganya, hata kama hukukusudia kumdhuru. Yeye atakuamini, na aibu itamwangukia yeye. Leo umeibeba mwenyewe mbele yetu sote. Hilo si jambo dogo." Akamgeukia Malual. "Nawe, asante kwa maua. Ila siku nyingine, ukiambiwa maana ya neno, fungua kamusi uthibitishe."

"Ndiyo, Mwalimu," Malual alijibu.

"Haya, mshikeni mtoto kabla hajalala."

Bibi alimlaza mtoto mikononi mwa Atong. "Taratibu," alisema. "Uchunge utosi wake."

Malual alimsogelea Atong. "Utosi ni nini?" alinong'ona.

Atong alifungua mdomo, akaufunga.

"Sijui," alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Nyanya, utosi ni nini?"

Bibi alicheka. Alikishika kidole cha Atong, kisha cha Malual, akaviweka kwa upole juu ya kichwa cha mtoto, pale palipokuwa laini, pakidunda polepole.

"Ni hapa," alisema.